MKAGUZI WA AFYA KAZINI: NANI ANASTAHILI KUPEWA DHAMANA HII?

Maelezo baada ya taarifa ya habari, kwa wasikilizaji wa jeshi na polisi

Vijana wa Busia na Tororo wanapomaliza masomo, wengi wao hutazama zile kazi za serikali walizozoea kuziona tangu utotoni. Wamewaona askari polisi vizuizini, maofisa wa forodha na uhamiaji mpakani, walimu shuleni na wauguzi hospitalini, nao huomba kazi hizo kwa wingi. Ipo kazi nyingine ya serikali ambayo wachache sana huijua, ingawa sehemu hizo mbili zinaihitaji mno. Hiyo ni kazi ya mkaguzi wa afya mahali pa kazi: mtumishi wa umma aingiaye kiwandani, machimboni na katika karakana ili kupima vumbi, moshi, kelele, joto na sumu, na kuamuru hatari iondolewe kabla haijamdhuru mfanyakazi.

Maelezo ya leo yanahusu jinsi mtu anavyostahili kuingia katika kazi hiyo kwa cheo cha mwanzo. Jambo hili linawahusu askari kwa sababu tatu. Kwanza, wanao watoto na ndugu wanaotafuta kazi. Pili, sheria inamkutanisha mkaguzi na polisi katika utendaji wa kazi. Tatu, askari mwenyewe ni mfanyakazi ambaye mwili wake unakabiliwa na hatari zile zile.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950, kwa sababu ya mawe ya chokaa yaliyoko katika ardhi yake. Katika mji huo huo kilikuwapo kiwanda cha kutengeneza bidhaa za asbesto. Katika vilima vya Sukulu kuna madini ya fosfeti yanayofaa kutengenezea mbolea, na mradi mkubwa wa kuyatumia ulizinduliwa mwaka 2018. Ukielekea kusini, katika Wilaya ya Busia ya Uganda, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu katika sehemu kama Tiira, na wengi wa wachimbaji wa aina hiyo hutumia zebaki. Upande wa Kenya, katika Kaunti ya Busia, miwa hulimwa na kusagwa viwandani. Na katika vituo vya mpakani vya Busia na Malaba, malori hupanga foleni mchana na usiku huku injini zao zikitoa moshi wa dizeli.

Kila moja ya shughuli hizo huwapa wananchi riziki, wala hakuna mwenye busara atakayetaka zifungwe. Lakini kila moja ina namna yake ya kuudhuru mwili, na madhara hayo huja polepole. Mtu akianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, kila mtu huona. Mtu akivuta vumbi la asbesto leo, saratani yake huweza kutokea baada ya miaka 20 hadi 40, wakati amekwisha kustaafu na kiwanda chenyewe pengine hakipo tena. Vumbi la mawe lenye silika huweka makovu katika mapafu, na makovu hayo hayaponi. Zebaki inapochomwa ili kuitenga na dhahabu, hugeuka mvuke usioonekana kwa macho, ambao huingia mapafuni na kufika kwenye ubongo. Mikono huanza kutetemeka, kumbukumbu hupotea, na mtoto aliye tumboni mwa mama yake huathirika kabla hajazaliwa.

Ulimwengu ulijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, ugonjwa uliotokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda uligunduliwa mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, wenye jina la mji huo, ulipitishwa mwaka 2013, na Uganda iliuridhia mwaka 2019. Zamani zaidi, mwaka 1700, daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawashauri madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Kazi ya mkaguzi wa leo imetokana na swali hilo moja.

Basi, mkaguzi huyo hufanya nini hasa? Kazi yake ina sehemu tatu: kuitambua hatari, kuipima, na kuidhibiti. Askari wa doria wataielewa mara moja. Doria hutangulia, huona adui alipo, hukadiria nguvu zake, kisha hutoa habari ili hatua ichukuliwe mapema.

Kuitambua hatari maana yake ni kuufahamu mwendo mzima wa uzalishaji: mawe yanaposagwa, vumbi hutokea wapi, mifuko inapojazwa saruji, ni nani asimamaye karibu, zebaki inapochomwa, upepo unavuma kuelekea nyumba gani. Kuipima ndiko kunakohitaji elimu ya sayansi. Pampu ndogo hufungwa kiunoni mwa mfanyakazi, na mrija wake hupandishwa hadi kwenye ukosi wa shati, karibu na pua. Hewa huvutwa kupitia karatasi ya chujio ambayo imepimwa uzito kabla ya kazi, kisha hupimwa tena baada ya kazi.

Tuseme pampu inavuta lita 2 za hewa kwa dakika, kwa muda wa saa 8. Hizo ni dakika 480, yaani lita 960, au mita za ujazo 0.96. Ikiwa uzito wa chujio umeongezeka kwa miligramu 4.8, basi mfanyakazi huyo alikuwa akifanya kazi katika hewa yenye miligramu 5 za vumbi kwa kila mita ya ujazo. Hesabu hiyo si ngumu, lakini mtu aliyeiogopa hesabu shuleni ataikosea, na kosa lake litaingia katika mapafu ya mtu mwingine. Hata kelele ina hesabu yake. Mashine mbili, kila moja ikiwa na desibeli 90, zikiwashwa pamoja hazitoi desibeli 180. Hutoa takriban desibeli 93. Kwa sheria ya Kenya, kanuni za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa wastani wa saa 8, au katika mlio unaopita desibeli 140 wakati wowote.

Sehemu ya tatu, yaani kuidhibiti hatari, ina utaratibu unaokubaliwa duniani kote. Jambo la kwanza ni kuiondoa kabisa hatari au kubadili kitu chenye sumu kwa kingine. Lisipowezekana, hatari itengwe na watu, au mashine zifungwe vifaa vya kunyonya vumbi. Baada ya hapo hupangwa zamu na mafunzo. Barakoa na vizibo vya masikio huja mwisho, kwa sababu vinamlinda yule tu anayevivaa, na kwa muda ule tu anaovivaa sawasawa. Mwombaji anayedhani kwamba kazi nzima ni kugawa barakoa bado hajaielewa kazi anayoiomba.

Sasa, mwombaji astahili vipi? Sharti la kwanza ni elimu. Anayetaka njia hii yampasa ashike masomo ya fizikia, kemia, biolojia na hisabati tangu sekondari. Cheo cha mwanzo cha mkaguzi, Uganda na Kenya pia, kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza katika sayansi, uhandisi au fani za afya. Hakuna haja ya kuwa na shahada yenye jina la usalama na afya kazini. Mhandisi, mkemia na mtaalamu wa afya ya mazingira wote wana mlango, mradi tangazo la kazi limezitaja fani zao. Ndiyo maana tangazo lisomwe neno kwa neno. Maombi mengi huanguka kwa sababu mwombaji alikuwa na elimu njema ambayo tangazo halikuitaja.

Kwa vijana wa mpakani, shule si lazima ziwe mbali. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina makao yake makuu katika Wilaya ya Busia, nacho hufundisha uhandisi, pamoja na uhandisi wa migodi. Chuo Kikuu cha Makerere kina Shule ya Afya ya Umma inayotoa shahada ya sayansi ya afya ya mazingira. Upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Alupe kiko Busia kwenyewe, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia hutoa shahada ya uzamili katika usalama na afya kazini kwa wale wanaotaka kusonga mbele. Mwenye stashahada asikate tamaa. Anaweza kuanza kama ofisa wa afya wa ngazi ya chini au ofisa wa usalama kiwandani, ajifunze kazi, kisha ajiendeleze hadi kufikia shahada.

Sharti la pili ni uraia na utaratibu wa maombi. Hapa watu wa mpakani hujidanganya mara nyingi. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka. Huoana, huuziana mifugo na kuzikana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imempa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kutafuta kazi katika nchi nyingine mwanachama. Lakini Ibara ya 10 ya Itifaki hiyo inatamka kwamba haki hiyo haihusu ajira katika utumishi wa umma, isipokuwa sheria za nchi husika zimeruhusu. Kwa maneno mengine, kijana wa Busia ya Kenya anaweza kutafuta kazi katika kiwanda cha Tororo kwa haki hiyo, lakini hawezi kuitegemea apate ukaguzi wa serikali ya Uganda. Na kijana wa Tororo hali kadhalika kwa upande wa Kenya. Anaweza kusoma ng'ambo ya mpaka, kisha vyeti vyake vitambuliwe na mamlaka ya elimu ya nchi yake. Kwa kiapo cha utumishi, hana budi kurudi kwao.

Nchini Uganda, ukaguzi wa usalama na afya kazini uko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na sheria inayotumika ni ile ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Viwanda ya zamani. Nafasi za wizara hupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Zile za wilaya, kama ofisa wa kazi wa wilaya, hupitia tume ya utumishi ya wilaya. Fomu ya maombi kwa miaka mingi imekuwa Fomu Namba 3 ya Utumishi wa Umma. Nchini Kenya, wakaguzi wako chini ya Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, wanafanya kazi kwa Sheria ya mwaka 2007, nao huajiriwa kwa kupitia Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa, si serikali ya kaunti. Maombi hupelekwa kwa intaneti. Yafaa mwombaji wa nchi yoyote kati ya hizo mbili aisome sheria ya nchi yake kabla ya usaili, maana hataweza kuisimamia sheria asiyoijua.

Katika utaratibu huo polisi wana sehemu yao. Anayeteuliwa huweza kutakiwa aonyeshe hati ya tabia njema, ambayo hutolewa baada ya polisi kuchunguza alama za vidole na kumbukumbu za makosa. Askari anayeishughulikia hati hiyo kwa haki, bila kumcheleweshea kijana wa maskini na bila kumsafishia njia mtoto wa tajiri, anasaidia kuchagua mtu atakayelinda mapafu ya mamia ya wafanyakazi.

Sharti la tatu ni tabia, nalo ndilo zito kuliko yote. Mkataba Namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, unahusu ukaguzi wa kazi. Uganda iliuridhia mwaka 1963 na Kenya mwaka 1964, yaani mara tu baada ya uhuru. Mkataba huo unasema kwamba wakaguzi waajiriwe kwa kuangalia sifa zao za kazi pekee, na wapewe mafunzo ya kutosha. Unasema wasiwe na maslahi yoyote, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, katika shughuli wanazozikagua. Wasitoe siri za uzalishaji, hata baada ya kuacha kazi. Na mfanyakazi akileta malalamiko, jina lake lifichwe, na mwajiri asiambiwe kwamba ukaguzi umetokana na malalamiko.

Masharti hayo hayakuwekwa kwa kupamba karatasi. Mkaguzi ana mamlaka makubwa. Anaweza kuingia mahali pa kazi mchana au usiku, kuchukua sampuli, kuhoji watu, kudai daftari, na kuamuru kazi ya hatari isimame. Sheria ya Kenya inatamka wazi kwamba akiwa na sababu ya kutarajia kuzuiwa, anaweza kufuatana na askari polisi. Mtu mwenye mamlaka ya namna hiyo akinunuliwa, hakuna atakayejua siku hiyo. Hakuna damu itakayomwagika wala kilio kitakachosikika. Fomu itaandikwa kwamba vumbi ni la kiasi, sahihi itatiwa, na watu wataendelea kuvuta hewa hiyo kwa miaka. Kwa sababu hiyo, kumwingiza mtu katika kazi hii kwa undugu au kwa kujuana ni kosa kubwa kuliko katika kazi nyingi nyingine. Karani asiyefaa huharibu faili, na faili laweza kuandikwa upya. Mapafu yaliyoharibika hayana duka linalouza mengine.

Baada ya kuajiriwa, mtumishi mpya huwa katika kipindi cha majaribio. Asitegemee kwamba shahada yake imemaliza kila kitu. Atahitaji kufuatana na mkaguzi mzoefu, kujifunza kutumia vifaa na kuvirekebisha kabla ya kila kipimo, kuandika taarifa itakayosimama mahakamani, na kuzungumza na watu wa kila aina. Mwenye kiwanda lazima amheshimu, na mpakia mifuko lazima amwamini. Katika sehemu ambapo Kiteso, Kidhopadhola, Kisamia na Kiganda husikika katika soko moja, Kiswahili ni chombo cha kazi sawa na ile pampu ya kupimia vumbi. Mkaguzi asiyeweza kumwuliza mchimbaji, kwa lugha anayoielewa, tangu lini mikono yake imeanza kutetemeka, ataondoka na nusu ya habari.

Huenda askari mwingine akauliza kama yeye mwenyewe, akistaafu mapema, anaweza kuifuata njia hii. Utumishi jeshini pekee hautoshi, kwa kuwa elimu inayotakiwa haina badala. Lakini mhandisi wa jeshi, tabibu wa kikosi au fundi wa karakana aliyejiendeleza kimasomo ana mambo ambayo kijana aliyetoka chuoni hana: amezoea nidhamu, anajua kuandika taarifa, na haogopi kutoa amri kwa mtu mkubwa kuliko yeye pale sheria inapomwagiza. Ayaandike hayo katika maombi yake kwa ukweli na kwa ufupi, na kuyathibitisha kwa barua za kumaliza utumishi.

Hali kadhalika, askari atazame mazingira yake mwenyewe. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na masikio yaliyoharibika hayarudi. Risasi zinapofyatuliwa katika ukumbi uliofungwa, vumbi la madini ya risasi hubaki hewani na juu ya mavazi, na askari huweza kulipeleka nyumbani kwa watoto. Askari wa barabarani anayesimama zamu nzima kando ya malori ya Malaba anavuta moshi wa dizeli, ambao mwaka 2012 ulitangazwa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa unasababisha saratani kwa binadamu. Na pale ambapo nyumba za zamani za serikali zingali zimeezekwa kwa mabati ya asbesto, hatari huwa kubwa pindi mabati hayo yanapovunjwa, kukatwa kwa msumeno au kutobolewa. Askari asiyafanyie ukarabati mwenyewe siku ya mapumziko. Aripoti kwa mkubwa wake, na wajuzi waitwe.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi ya kazini hujificha yenyewe, bila msaada wa mtu, na dawa yake ni mtu mwenye ujuzi, kipimo na uaminifu, aliyeingia kazini kwa haki. Mzazi mwenye mtoto anayependa sayansi katika shule za Tororo, Malaba au Busia amwambie leo kwamba kazi hii ipo, na kwamba inaanza na daftari la hesabu la sekondari. Wanaokaa katika tume za ajira wachague kwa sifa peke yake, kama nchi zote mbili zilivyoahidi zaidi ya miaka 60 iliyopita. Nao polisi, siku mkaguzi atakapobisha hodi kituoni akiomba askari wa kufuatana naye hadi kwenye lango lililofungwa, wasimchukulie kuwa msumbufu. Amekuja kuzuia kifo ambacho hakijatokea, na kazi ya namna hiyo polisi wanaijua vema kuliko watu wengine.